Sofala na Beira: Nchi ya Chini, Upepo na Bamvua

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wao maneno kusi, kaskazi, tufani, bamvua na maji mafu, na wengi wetu huyafundisha mbali sana na bahari. Mwanafunzi wa nchi za bara huyaandika katika daftari lake, huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau kwa kuwa haoni yanamhusu nini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo ni akiba ya elimu iliyokusanywa na wakazi wa pwani kwa karne nyingi, na kwamba elimu hiyo ingali inagusa uhai wa watu.

Mfano tuliouchagua ni mji wa Beira nchini Msumbiji, pamoja na mji wa kale wa Sofala uliokuwa jirani yake upande wa kusini. Miji hii miwili ipo karibu na nyuzi 20 kusini ya Ikweta, si mbali na ukingo wa kusini wa tropiki. Mvua na joto kali huja kati ya Novemba na Aprili, na miezi ya Mei hadi Oktoba huwa mikavu na yenye ubaridi kiasi. Sofala ilikuwa ncha ya mwisho ya ulimwengu wa biashara wa Waswahili. Beira ni bandari kubwa ya zama zetu, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu humo watu zaidi ya 500,000.

Hoja yetu ni hii: mji wa pwani hauponzwi na upepo peke yake. Huponzwa pale upepo, bahari na mito vinapokutana juu ya ardhi iliyochaguliwa na wakuu kwa sababu nyingine, si kwa ajili ya makazi ya watu. Historia ya Sofala na Beira yathibitisha jambo hilo mara mbili.

Jina lenyewe

Yafaa kuanza na jina. Wachunguzi wengi huliunganisha jina Sofala, ambalo waandishi wa Kiarabu waliliandika Sufala, na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa chini. Sufala basi ni nchi ya chini, nchi iliyo sawa na maji. Hapo mwanzo jina hilo lilitumika kwa eneo zima la pwani, wala si kwa mji mmoja. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliitaja Sufala ya Zanji kuwa mwisho wa safari za mabaharia na nchi yenye dhahabu.

Miongoni mwa habari za kale kabisa zilizoandikwa juu ya Sufala imo moja inayotokana na dhoruba. Katika kitabu cha maajabu ya Bahari ya Hindi kinachonasibishwa na Buzurg bin Shahriyar, kinasimuliwa kisa cha nahodha aliyetoka Omani mwaka 310 wa Hijra, yaani 922, akienda Kanbalu. Upepo mkali ukakichukua chombo chake hadi Sufala ya Zanji. Mfalme wa nchi aliwapokea wageni vizuri na kuwaacha wafanye biashara, nao wakamlipa kwa kumteka na kumuuza utumwani. Tusiingie hapa katika ukweli wa kila sehemu ya kisa hicho. Tunachotaka kionekane ni kwamba hata msimuliaji wa zama zile alijua njia ya kufika Sufala bila kukusudia: ni kuchukuliwa na upepo.

João de Barros, mwandishi Mreno wa karne ya 16, naye alihifadhi masimulizi ya Kilwa yenye maana iyo hiyo. Yasema kwamba mvuvi wa Kilwa alivutwa na samaki mkubwa aliyenasa ndoanani, kisha mikondo ya bahari ikamchukua kuelekea kusini hadi Sofala. Huko alikuta chombo cha watu wa Mogadishu kikifanya biashara ya dhahabu, akarudi kwao na kumpasha mfalme wake habari. Baadaye Kilwa ikaitawala biashara ile.

Mpaka wa pepo za msimu

Kwa nini Kilwa, wala si bandari za Uarabuni zenyewe? Jibu limo katika upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi na kuvileta vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwenye pwani yetu. Kusi huanza mwezi wa Aprili na kuvirudisha. Kati ya misimu hiyo miwili huja kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo haujatulia upande mmoja. Mpangilio huu ni thabiti hadi upande wa Kilwa. Ukipita Rasi ya Delgado na kuingia katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, pepo za msimu hupoteza uaminifu wake, na mwenye chombo hulazimika kutegemea pepo nyingine, mikondo, na subira yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo ilikuwa taabu kwa chombo cha Arabuni kwenda hadi Sofala na kurejea kwao katika msimu mmoja. Mfanyabiashara alishukia Kilwa, na watu wa Kilwa wakazichukua bidhaa kwa vyombo vyao wenyewe hadi kusini, wakarudi na dhahabu na pembe za ndovu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliambiwa kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi. Fahari ya Kilwa, pamoja na kasri la Husuni Kubwa ambalo magofu yake yangalipo, ilitegemea kwa sehemu kubwa elimu ya kujua mahali upepo unapokoma kuwa rafiki.

Liko na jambo la pili. Miezi ambayo kaskazi huvuma kwetu ndiyo miezi ya vimbunga katika Mlango-Bahari wa Msumbiji. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi au zaidi, na huhitaji nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ili kianze kuzunguka. Nguvu hiyo ni dhaifu karibu na Ikweta, na huongezeka kadiri mtu aendavyo kusini. Ndiyo maana Lamu, Mombasa na Tanga huishi karne baada ya karne bila kuogopa sana vimbunga, ilhali Sofala haikupata kamwe amani hiyo.

Ngome iliyorudi baharini

Wareno walifika Sofala kwa nia ya kuitwaa dhahabu hiyo. Mwaka 1505 Pero de Anaia alipata ruhusa ya kujenga kwa Shehe Yusufu, mtawala wa mji, aliyekuwa mzee na kipofu. Mwaka uliofuata palizuka vita, shehe akauawa, na Anaia mwenyewe akafa kwa homa mwaka huo huo. Ngome ya São Caetano ikajengwa kwa mawe juu ya ardhi ya mchanga, katika mlango wa bandari uliojaa mafungu ya mchanga yaliyozitaabisha meli kubwa.

Ushindi huo haukuwafaa sana. Wafanyabiashara Waislamu waliihamishia dhahabu njia za kaskazini, kwenye mto Zambezi, nako Wareno wakawafuata hadi Sena na Quelimane. Kisiwa cha Msumbiji kikawa makao makuu ya utawala. Sofala ikabaki na ngome yake, na bahari ikaendelea na kazi yake polepole. Pwani ilimegwa mwaka hadi mwaka, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 ngome ilikuwa gofu lililozungukwa na maji.

Ndipo likatokea jambo ambalo mwanahistoria hawezi kulipita kimya. Mawe ya ngome hiyo yalichukuliwa na kupelekwa Beira, yakatumika katika ujenzi wa kanisa kuu la mji mpya. Mawe yaliyoshindwa na bahari Sofala yalisimamishwa tena katika ghuba iyo hiyo, juu ya ardhi ya chini vile vile. Waliyabeba mawe, lakini somo lililokuwamo ndani yake hawakulibeba.

Mji uliojengwa kwa ajili ya bandari

Beira ilianzishwa mwaka 1887 kama kituo cha kijeshi cha Wareno penye mlango wa mto Pungwe, kando ya kijito cha Chiveve, na ikapewa jina kwa heshima ya Luís Filipe, Mwana wa Mfalme wa Beira, aliyezaliwa mwaka huo huo. Mtu aliyetafuta mahali pa watu kuishi kwa afya na usalama asingepachagua hapo. Palikuwa na ukanda mwembamba wa mchanga, na nyuma yake mikoko, vinamasi na mbuga zilizofunikwa na maji kila masika. Lakini aliyetafuta mlango wa kupitishia mali ya bara alipaona kuwa pazuri.

Mwaka 1891 eneo hilo liliwekwa chini ya Kampuni ya Msumbiji, iliyopewa haki ya kutawala, kutoza kodi na hata kutoa stempu zake yenyewe, nayo ikatawala hadi 1942. Katika mwaka huo wa 1891 Uingereza na Ureno zilikubaliana juu ya mipaka, na Ureno ikafungwa na sharti la kujenga reli toka Pungwe kuelekea nchi zilizotwaliwa na Waingereza bara. Kazi ilianza 1892 huko Fontesvila, juu ya mto, kwa kuwa mbuga kati ya hapo na Beira zilikuwa maji matupu. Mamia ya wafanyakazi, Waafrika, Wahindi na Wazungu, walikufa kwa homa. Reli ilifika Umtali, ambayo leo ni Mutare, mwaka 1898. Mwaka 1907 Beira ikapewa hadhi ya jiji.

Nyumba za mwanzo zilikuwa za mabati, nyingi zikiwa zimeinuliwa juu ya nguzo, na njia zilikuwa mchanga mtupu, hata watu wenye cheo wakasafiri mjini kwa vigari vilivyosukumwa na Waafrika juu ya reli ndogo. Mji ulipokua, uligawanyika kwa kufuata kimo cha ardhi. Wazungu walijenga Ponta Gêa na Macuti, kwenye matuta ya mchanga yaliyoinuka kidogo na kupata upepo wa bahari. Waafrika waliofanya kazi bandarini na relini walisukumwa Munhava na mabonde mengine ya nyuma, ambako watu walilima mpunga kwa sababu maji hayatoki. Tofauti ya mita moja au mbili ya kimo ikawa tofauti ya daraja, na katika siku ya gharika ikawa tofauti ya uhai na mauti.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975 mpaka wa rangi uliondoka, lakini ardhi haikubadilika. Vita vilivyoanza 1977 na kwisha 1992 viliwakimbiza watu wengi kutoka mashambani, na waliofika Beira walipata nafasi pale tu palipobaki nafasi, yaani katika mabonde yale yale. Mikoko ilikatwa kwa ajili ya nguzo na kuni. Mifereji ilijaa tope na taka. Ulinzi wa ufukwe uliojengwa zamani ukaoza na kubomoka.

Maji ya aina tatu

Ili kuielewa hatari ya Beira, lazima tutofautishe maji ya aina tatu.

Kwanza ni maji ya bahari yenyewe. Mbele ya Beira sakafu ya bahari ni kina kifupi kwa zaidi ya kilomita 100, jambo ambalo ni nadra katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa sababu ya ufinyu huo wa kina, maji yanayojaa hurundikana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huko Beira hufikia mita 6 au zaidi, hali Mombasa na Unguja ni kama mita 4. Bamvua, kama tujuavyo, ni maji makuu yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu ni yale ya siku za katikati, mwezi unapokuwa nusu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Sehemu nyingi za Beira ziko chini ya kimo cha bamvua, na hukingwa na matuta ya mchanga peke yake.

Pili ni maji ya mito. Pungwe hushuka kutoka milima ya Nyanga nchini Zimbabwe, na Buzi hupokea maji ya upande wa Chimanimani. Mito yote miwili humwagika katika ghuba moja, Beira ikiwa mlangoni.

Tatu ni maji ya mvua inayonyesha juu ya mji wenyewe. Maji haya hayana budi kutoka kwa mifereji kwenda baharini, lakini bahari ikijaa hayawezi kutoka. Mlango wa mfereji ukifunguliwa wakati wa bamvua, badala ya mji kujimwaga baharini, bahari ndiyo itakayoingia mjini. Kwa hiyo mji hutegemea saa chache za kupwa ili kupumua.

Kimbunga huyakusanya maji haya matatu kwa wakati mmoja. Upepo wake huisukuma bahari juu ya kina kifupi, mvua yake hufurika mitaani, na mawingu yake yakifika milimani huijaza mito ambayo itateremka siku kadhaa baadaye.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019

Mwanzoni mwa Machi 2019 mgandamizo mdogo wa hewa ulitokea karibu na pwani ya Msumbiji, ukaingia nchi kavu na kuleta mafuriko yaliyoua watu huko na Malawi. Kisha ukarudi baharini, ukapata nguvu mpya juu ya maji ya joto ya mlango-bahari, ukapewa jina Idai. Tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 kimbunga kiliingia karibu na Beira kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Umeme ulikatika, mawasiliano yalikatika, uwanja wa ndege ulifungwa, na barabara ya kwenda bara ikakatwa na maji. Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulikadiria katika siku za mwanzo kwamba asilimia 90 ya mji ilikuwa imeharibiwa.

Upepo ulipotulia, wengi walidhani mabaya yamekwisha, kumbe mito ilikuwa bado njiani. Mvua iliyoporomosha milima ya Chimanimani ikateremka, Buzi na Pungwe ikafurika, na picha za satelaiti zikaonyesha ziwa kubwa mahali palipokuwa na vijiji na mashamba. Watu walikaa juu ya miti na mapaa kwa siku kadhaa. Waliokufa Msumbiji walizidi 600. Zimbabwe ilipoteza mamia, na Malawi kama 60. Kisha kipindupindu kikaingia, nacho kikadhibitiwa upesi kwa kuwachanja watu zaidi ya 800,000 mwezi wa Aprili, tendo linalostahili kusifiwa.

Sasa tutazame mwezi wa usiku huo. Mwezi uliandama tarehe 7 Machi, na tarehe 14 ulikuwa nusu. Maana yake ni kwamba Idai iliingia Beira katika siku za maji mafu. Bahari iliyoingia ilikuwa bahari iliyo katika hali yake ya upole. Wiki moja tu baadaye, tarehe 21, mwezi ulikuwa mpevu na bamvua kubwa ilikuwa imefika. Kama kimbunga kingechelewa siku saba na kuingia wakati wa kujaa, kimo cha maji ya kimbunga kingeongezwa juu ya kimo cha bamvua, na hesabu ya waliokufa mjini ingekuwa nyingine kabisa. Dunia iliitangaza Idai kuwa balaa kubwa, na ilikuwa hivyo kweli. Lakini nahodha yeyote wa zamani angalijua, kwa kutazama mbingu tu, kwamba balaa lile lilikuja na nusu ya nguvu za bahari.

Baada ya Idai hazikupita siku nyingi kabla ya Kenneth kuzipiga Komoro na Cabo Delgado, mwezi wa Aprili 2019. Chalane ilifika mkoa wa Sofala Desemba 2020, na Eloise karibu na Beira yenyewe Januari 2021, mapaa mengi yakiwa hayajarudishwa. Kima cha bahari duniani kimepanda kama sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, na wataalamu wa hali ya hewa wakubaliana kwamba kwa bahari kuzidi joto, vimbunga vikali vitachukua sehemu kubwa zaidi ya vimbunga vyote.

Yaliyotendwa

Si haki kuieleza Beira kama mji unaongoja kufa. Daviz Simango, mhandisi aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1964 wakati wa harakati za ukombozi, aliongoza jiji hilo tangu 2003 hadi alipofariki Februari 2021. Katika uongozi wake kijito cha Chiveve, kilichokuwa kimezibwa kwa taka na majengo, kilizibuliwa kwa msaada wa Ujerumani ili kipumue tena pamoja na bahari. Mifereji mikubwa ilichimbwa upya, milango ya maji ikatengenezwa, na mwaka 2014 jiji likapata mpango wake mkuu wa kufikia 2035 kwa ushirikiano na Waholanzi, watu wanaojua kuishi chini ya kimo cha bahari. Kazi hizi hazikuuzuia upepo wa Idai, lakini zilisaidia kuyaondoa maji.

Linalobaki ni gumu zaidi: kuinua au kuhamisha makazi ya watu ambao historia iliwaweka bondeni. Kuhamisha ni neno jepesi kalamuni. Mchukuzi wa bandari akihamishiwa mbali na bandari atakula nini? Kwa hiyo watu hurudi, nao hurudi wakiijua hatari.

Pwani yetu haikusamehewa

Msomaji wa Kenya au Tanzania asiseme kwamba haya ni ya wengine. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tarehe 15 Aprili 1872, katika utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu sehemu kubwa ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa mbele katika karafuu. Hivyo tunapotaja karafuu za Pemba, tunataja pasipo kujua kumbukumbu ya upepo ule. Tarehe 15 Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kwa bahati kikiwa kimepungua nguvu.

Wala wa bara hawakusamehewa. Waliokufa Chimanimani waliishi mamia ya kilomita kutoka baharini.

Maneno na maarifa

Turudi sasa kwenye darasa la Kiswahili. Neno tufani kwetu ni upepo mkali wa bahari. Katika Kiarabu, lilikotoka, ni gharika, na hasa gharika ya Nabii Nuhu. Twaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba neno hilo limekusanya upepo na maji pamoja, na kwamba Beira imeonyesha maana zote mbili kwa usiku mmoja. Mwenye kulichukua kwa maana ya upepo tu hufunga madirisha akadhani amekwisha kujikinga.

Vivyo hivyo na mwongo. Leo tunalitumia kwa miaka kumi, lakini mabaharia wa zamani waliugawa mwaka katika miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua mwongo gani ni wa kutweka tanga na mwongo gani ni wa kuvuta chombo pwani. Ilikuwa kalenda ya hatari, na ilihifadhiwa kwa lugha, midomoni mwa watu.

Tunapendekeza kwamba mwalimu anapofundisha msamiati wa bahari asiishie kwenye maana ya neno. Awape wanafunzi tarehe ya 14 Machi 2019, awaulize mwezi ulikuwaje, na maji yalikuwa bamvua au mafu. Halafu awaulize kuhusu mto au ziwa la kwao: maji yalipofurika yalifika wapi, ni nani anayekumbuka alama yake, na nani amejenga chini ya alama hiyo. Tahadhari inayotangaza kasi ya upepo kwa kilomita ni ya kweli, lakini haimwambii mwenye nyumba maji yatamfika magotini au kifuani. Tafsiri ya tarakimu ile kuwa maneno ya nyumbani ni kazi ya lugha, na kwa hiyo ni kazi yetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba Sofala ilikuwa na onyo katika jina lake, na ngome yake ilikuwa onyo la pili. Beira ilijengwa juu ya maonyo yote mawili, kwa kuwa waliochagua mahali hawakuwa watakaolala bondeni. Mwaka 2019 mji huo ulipigwa vibaya, na bado bahari ilikuwa katika maji mafu. Siku yaja ambapo kimbunga na bamvua vitafika pamoja, kama si Beira, basi penginepo katika pwani hii ndefu. Elimu ya kuitambua siku hiyo mapema imo katika vituo vya hali ya hewa, na imo pia katika maneno ambayo tumekabidhiwa tuyafundishe. Tusiyafundishe kama mifupa ya kale.